UZI: OCD na ADHD zinatofautishwaje wakati kwa nje zinafanana?

Nuru_ya_Alasiri (#1)
Wakuu, salaam.
Nina mdogo wangu wa kiume, yuko sekondari. Kazi ya ukurasa mmoja inamla jioni nzima. Anaandika sentensi, anaifuta, anaiandika ileile upya, anafuta tena mpaka karatasi inatoboka. Darasani anabaki nyuma, na akiulizwa swali hajui wenzake wamefika wapi. Walimu walisema hana umakini. Daktari wa kwanza akasema ni ADHD (tatizo la kukosa umakini na kutotulia), akamwanzishia dawa. Sasa mwanasaikolojia aliyekaa naye muda mrefu zaidi anasema haoni ADHD hapo, anaona OCD (ugonjwa wa kujilazimisha kurudia mambo).

Mimi nilijua OCD ni ya watu wa usafi na kunawa mikono, na huyu chumba chake ni vurugu tupu. Haya mawili yanatofautiana wapi hasa? Na inakuwaje wataalamu wawili wamwone mtu mmoja halafu waseme vitu viwili?

Kipanga_wa_Juu (#2)
Nakaa siti ya mbele. Wajuzi njooni.

Mzee_wa_Hoja (#3)
Mtanisamehe, lakini haya yote yameletwa na simu. Mtoto analala na simu, anaamka na simu, umakini utoke wapi? Zamani hatukuwa na hayo majina. Mnyang'anye simu mwezi mmoja uone.

Karatasi_Nyeupe (#4)
> Mzee_wa_Hoja alisema: haya yote yameletwa na simu

Mzee wangu, hapana. Daktari wa Uskoti, Alexander Crichton, aliandika kuhusu watu wasioweza kutuliza akili kwenye jambo moja mwaka 1798. Daktari wa watoto George Still alitoa mihadhara London mwaka 1902 akieleza watoto wasioweza kujizuia ingawa akili wanazo. OCD nayo, Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna, aliandika kisa kirefu cha mgonjwa wake mwaka 1909. Simu ilikuwa wapi hapo? Inaweza kumchosha mtoto na kumnyima usingizi, hilo sikatai, lakini haikuzaa magonjwa haya.

Nesi_wa_Zamu (#5)
Dada Nuru, pole na asante kwa kuuliza. Nimefanya kazi wodi na kliniki za afya ya akili kwa miaka mingi, nikueleze ninavyowaelewesha ndugu wa wagonjwa.

Usitazame kitendo peke yake. Tazama kilichokitangulia na kinachokifuata. Watu wawili wanaweza kufuta sentensi ileile. Wa kwanza amefuta kwa sababu aliandika mbio akaruka neno, au akili ilihama katikati na aliporudi hakukumbuka alitaka kusema nini. Huyo ni wa upande wa ADHD. Wa pili sentensi yake haina kosa, na anajua haina kosa, lakini herufi moja "haijakaa sawa", na akiiacha hivyo kifua kinabana au anahisi kuna baya litatokea. Akifuta anapata nafuu kidogo. Nafuu ikiisha, shaka inarudi. Huyo ni wa upande wa OCD. Wazo linaingia bila kuitwa, linatisha au kusumbua, mtu anafanya kitendo ili kulinyamazisha, na kwa kufanya hivyo analipa nguvu ya kurudi.

Usafi ni sura moja tu. Wapo wanaohesabu, wanaokagua, wanaorudia kusoma mstari, wanaosali upya kwa kuhofia walikosea neno, na wapo wanaofanya yote kichwani, wewe nje huoni kitu. Unaona kijana kakaa kimya anakodolea ukuta, unasema hana umakini. Umakini anao mwingi mno, ila umetekwa.

Mwongozo wa DSM-5 wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani unataka mawazo na vitendo hivyo vichukue muda mwingi, kwa mfano zaidi ya saa 1 kwa siku, au vimtese mtu na kumharibia maisha. Kwa ADHD unataka dalili zidumu walau miezi 6, ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, na zionekane sehemu mbili au zaidi, si darasani tu. Kwa hiyo swali langu kwako: akiwa mdogo alikuwaje?

Kipanga_wa_Juu (#6)
Nesi, hii umeishusha yote. Siti ya mbele imelipa.

Nuru_ya_Alasiri (#7)
Nesi asante sana. Nilimfuata chumbani nikamuuliza taratibu, kwa maneno yako yaleyale. Alinyamaza, halafu akanionyesha herufi "a" kwenye daftari. Akasema ile duara yake ikibaki wazi juu, hata kwa uwazi mdogo, mama atapata ajali njiani. Anajua haiingii akilini. Amesema mwenyewe, "najua ni upuuzi, lakini nikiiacha wazi halafu likatokea?" Nimetoka pale nimelia.

Akiwa mdogo hakuwa na shida. Alikuwa anamaliza kazi zake, vitu vyake havipotei, mwalimu halalamiki. Ilianza kuonekana karibu na kuingia sekondari.

Mwendo_wa_Kobe (#8)
Dada Nuru pole. Kwa hilo la mama na ajali mimi nashawishika na mwanasaikolojia. Lakini hoja ya "alikuwa sawa utotoni" isipewe uzito wote. Mimi niligundulika na ADHD nikiwa mtu mzima. Msingi nilipita vizuri kwa sababu kazi zilikuwa nyepesi na nyumbani kila kitu kilipangwa na mama. Sekondari masomo yalipoongezeka ndipo nikaanguka. Sikuwa mtundu, nilikuwa mtulivu wa kuota mchana, kwa hiyo hakuna aliyeniona.

Jambo la pili, hata sisi tunakagua. Nina tabia ya kurudi kuangalia mlango, pasi, pochi. Ukiniona nje utasema OCD. Tofauti ni kwamba mimi nimeshawahi kweli kuondoka nikiacha mlango wazi, zaidi ya mara moja. Nikirudi nikaona umefungwa, nimemaliza, naondoka na wala siufikirii tena.

Shaka_Haina_Dawa (#9)
Hapo kwa Mwendo_wa_Kobe ndipo penyewe. "Nimemaliza, naondoka." Ninayeandika hapa nina OCD na hayo maneno mawili ndiyo ambayo sina.

Naangalia jiko. Limezimwa. Naligusa, la baridi. Nasema kwa sauti "limezimwa". Nafika mlangoni, ile hisia ya kujua haipo. Macho yameona, mkono umegusa, lakini moyo haukubali. Narudi. Na kadiri ninavyorudi ndivyo kumbukumbu inavyofifia: sijui tena kama ninachokumbuka ni sasa hivi, mara iliyopita au jana. Nyumbani wananiita msahaulifu. Sijasahau. Nimekagua mpaka nikaharibu uhakika wangu. OCD ni king'ora kilichokwama: kinalia hata baada ya moto kuthibitishwa kuwa haupo.

Karatasi_Nyeupe (#10)
Shaka, ulichosema kimewahi kupimwa. Watafiti wa Uholanzi, van den Hout na Kindt, walichapisha mwaka 2003 majaribio ambapo watu wa kawaida, wasio na OCD, walikagua jiko la kwenye kompyuta tena na tena. Usahihi wa kumbukumbu haukupungua. Kilichoporomoka ni uhakika na ung'avu wa kile wanachokumbuka. Yaani mtu anakumbuka sawasawa ila haamini anachokumbuka. Ndiyo maana mwenye OCD anaweza kuonekana msahaulifu kliniki na kuandikiwa ADHD.

Mzee_wa_Hoja (#11)
Haya, simu naiacha. Hilo la jiko limenikamata. Ila sasa mimi naona ni kitu kimoja chenye ncha mbili: upande mmoja mtu hana breki, upande wa pili breki zimeng'ang'ania. Nimekosea?

Darubini (#12)
Hujakosea peke yako mzee, kuna wataalamu walioitazama hivyo kwa muda mrefu. Mstari mmoja: huku kutenda bila kufikiri, kule kujilazimisha kupita kiasi. Picha za ubongo nazo zilionekana kuunga mkono. Kwa wenye OCD, njia inayounganisha sehemu ya mbele ya ubongo juu ya macho na sehemu za ndani huonekana ikifanya kazi kupita kiasi. Kwa wenye ADHD, sehemu za mbele zinazohusika na kujizuia huonekana zikifanya kazi pungufu. Hata tabia zinapishana: mwenye ADHD anaweza kuruka kwenye hatari kabla hajaiona, mwenye OCD anakimbia hatari isiyokuwepo.

Karatasi_Nyeupe (#13)
Darubini, huo mstari una tatizo. Kama ni ncha mbili za kitu kimoja, mtu hawezi kuwa ncha zote kwa wakati mmoja, na watu wenye zote mbili wapo, hasa watoto. Pili, ukiwapa vipimo vya umakini na kujizuia, makundi yote mawili huonekana kufanya vibaya. Mstari ungetabiri waachane.

Maelezo mengine ninayoyaona yana nguvu ni ya mzigo. Ubongo una nafasi ndogo ya kushika mambo kwa wakati mmoja. Kichwa kikijaa "herufi iko wazi, mama atapata ajali", nafasi ya hesabu haibaki. Kwa maelezo hayo OCD inatengeneza upungufu wa umakini wenyewe, na ikitibiwa umakini unarudi bila dawa ya ADHD.

Darubini (#14)
Na mimi nikuulize: wale wenye OCD waliokuwa na dalili za ADHD tangu wana miaka 5 au 6, kabla OCD haijaanza, mzigo huo ulitoka wapi? Maelezo yako yanafaa kwa mdogo wake Nuru, hayafai kwa wote. Urithi nao upo, magonjwa yote mawili hutembea kwenye koo.

Jani_Kavu (#15)
Nimepita hapa nikashindwa kuondoka. Samahani, mimi ADD niliambiwa nikiwa mtoto, siyo ADHD. Ni kitu cha tatu?

Mwendo_wa_Kobe (#16)
Hapana ndugu. ADD ni jina la zamani la tatizo hilohilo, kutoka toleo la 1980 la ule mwongozo wa Marekani (DSM). Toleo la 1987 likaleta ADHD, na siku hizi hata mtulivu asiye na utundu anahesabiwa humo, ila daktari anaandika kwamba dalili kuu ni upungufu wa umakini.

Fundi_Mitambo (#17)
Mnazunguka sana. Dawa si ndiyo kipimo? Mpe dawa ya ADHD, akitulia ana ADHD. Asipotulia hana. Kijana ameshaanzishiwa, Nuru atuambie tu imesaidia au la.

Nesi_wa_Zamu (#18)
> Fundi_Mitambo alisema: Dawa si ndiyo kipimo?

Kaka, hili nalipinga kwa nguvu zote maana linawaumiza watu. Dawa za kuchangamsha ubongo, mfano Ritalin, huongeza umakini hata kwa asiye na ADHD. Judith Rapoport na wenzake kule Marekani walionyesha hivyo mwaka 1978 kwa wavulana wasio na tatizo lolote. Kwa hiyo "ametulia" haithibitishi kitu.

Na dawa za pande hizi mbili haziendi kwa mwendo mmoja. Ritalin utaiona ikifanya kazi siku hiyohiyo. Dawa za OCD ni za kundi la SSRI (hutumika pia kutibu sonona), mfano fluoksetini na sertralini, au ile ya zamani zaidi, klomipramini. Kwa OCD dozi mara nyingi hupanda kuliko ya sonona, na inatakiwa wiki 8 hadi 12 kabla ya kusema imeshindwa. Nimeona watu wakiacha wiki ya tatu wakisema haifanyi kazi.

Dada Nuru, usimwachishe dawa kwa sababu ya uzi huu. Mpeleke na maelezo ya ile herufi "a" kwa daktari aliyeandika dawa. Nina hakika hakuyasikia.

Nuru_ya_Alasiri (#19)
Hakuyasikia kabisa. Tulikaa muda mfupi, mimi na mama tukajibu maswali, kijana hakuulizwa peke yake. Tuliulizwa anamaliza kazi? Hapana. Anasikiliza? Hapana. Anapoteza muda? Ndiyo. Fomu ikajaa.

Fundi, dawa imemfanya akae mezani muda mrefu zaidi. Ila anautumia muda huo kufuta.

Shaka_Haina_Dawa (#20)
"Anautumia muda huo kufuta." Dada, mpelekee daktari sentensi hiyo ilivyo.

Mama_Mapacha (#21)
Nimesoma uzi wote na mikono inatetemeka kuandika. Tangu nijifungue kuna mawazo yananijia nikiwa na watoto, kwamba nitawadhuru. Nikishika kisu jikoni naona picha. Sitaki, nawapenda watoto wangu kuliko kitu chochote. Nimeficha visu, sikai nao peke yangu. Zamani niliambiwa nina ADHD, natenda kabla ya kufikiri. Sasa naogopa siku moja nitatenda kabla ya kufikiri.

Nesi_wa_Zamu (#22)
Mama Mapacha, asante kwa kuandika. Nisikilize.

Mwaka 1978 Rachman na de Silva, wakiwa London, waliwauliza watu wa kawaida kuhusu mawazo mabaya yanayowaingia bila kuitwa, na wengi mno wakakiri kuwa nayo, yenye maudhui yaleyale ya wagonjwa: kudhuru, kusukuma mtu, kutenda aibu. Wengi wanashtuka, wanayaacha yapite. Mwenye OCD anayashika kuwa ushahidi dhidi yake. Huonekana sana kwa wazazi wapya, na mara nyingi humkamata mtu palepale penye mapenzi makubwa. Wewe unaficha visu kwa hofu, na hofu hiyo ni dalili ya wazo usilolitaka.

Na kutenda bila kufikiri kwa ADHD ni kudakia maneno, kununua bila mpango, kuvuka barabara bila kutazama. Si kutenda lile unalolikimbia mchana na usiku.

Lakini mimi sijakuona, siwezi kukupima kwa maandishi. Nenda kwa mtaalamu wa afya ya akili wiki hii, umwambie haya maneno yalivyo, na umwambie mtu mmoja wa karibu leo. Ukianza kusikia sauti zinazokuamrisha, au wazo likaanza kuonekana la haki na ukalitaka, hiyo ni dharura, usisubiri hata saa moja.

Mama_Mapacha (#23)
Mume wangu nimemwonyesha post yako. Tunakwenda. Asante.

Kipanga_wa_Juu (#24)
Dada tupo pamoja nawe. Wadau, ombi: tusimjaze mtu huyu ushauri mwingine, wa Nesi unatosha.

Jani_Kavu (#25)
Nichangamshe kidogo. Bosi wangu anapanga kalamu kwa rangi, faili likipinda anakunyima usingizi. Anajiita OCD na anajisifia. Ni kweli?

Shaka_Haina_Dawa (#26)
Ndugu, mwenye OCD anayejisifia sijakutana naye. Bosi wako anafurahia mpangilio wake na anataka dunia imfuate. Mimi nauchukia wangu na ningelipa chochote uniondoke. Kuna tatizo jingine la haiba, la kutaka ukamilifu na kutawala kila kitu, linahesabiwa mbali na OCD. Au bosi wako anapenda tu kalamu zake, mwacheni.

Mzee_wa_Hoja (#27)
Nimesikia pia kwamba mtoto anaweza kuugua koo leo, kesho akaamka na OCD. Hii imekaaje?

Karatasi_Nyeupe (#28)
Ipo, mzee. Susan Swedo na wenzake waliieleza mwaka 1998: watoto ambao dalili za OCD au mikupuo ya misuli (misuli kushtuka yenyewe bila mtu kutaka) zililipuka ghafla baada ya maambukizi ya bakteria wa streptokoka. Wanadhani kinga ya mwili inashambulia sehemu za ndani za ubongo kimakosa. Wengine wanaona ushahidi haujatosha na ubishi unaendelea. Ajabu ni kwamba baadhi ya watoto hao huonyesha pia utundu na kukosa umakini, kwa hiyo hata hapa mipaka inaingiliana.

Darubini (#29)
Na usisahau Tourette, ugonjwa wa mikupuo ya misuli na kutoa sauti bila kukusudia. Wengi wenye Tourette wana OCD au ADHD, na wengine zote mbili. Ndiyo maana nakataa kusema haya ni mambo mawili yasiyojuana.

Nuru_ya_Alasiri (#30)
Swali la nyumbani. Tangu aniambie, kila akimaliza kuandika ananiletea: "dada, hii 'a' imefunga?" Namwambia imefunga, anatulia. Ila maswali yanaongezeka. Nafanya sawa?

Shaka_Haina_Dawa (#31)
Unafanya kwa upendo, lakini jibu lako limeshakuwa sehemu ya kukagua. Mke wangu alikuwa ananijibu kuhusu jiko usiku mzima. Mtaalamu wangu alitufundisha, mimi na yeye pamoja, aseme "nasikia una wasiwasi" na asijibu swali. Mwanzoni niliona ni ukatili. Ndiyo tiba yenyewe: unaikabili hofu, hufanyi kitendo, unakaa nayo mpaka uone unaweza kuibeba. Victor Meyer aliieleza London mwaka 1966, na mpaka leo ndiyo tiba ya mazungumzo inayotangulia nyingine kwa OCD. Ila usianze ghafla peke yako. Mkubaliane kwanza, yeye na mtaalamu wakiwepo.

Mwendo_wa_Kobe (#32)
Na hapa pande zetu zinaachana kabisa. Mimi mtaalamu aliniongezea vikumbusho: kengele, orodha ukutani, mke ananiuliza "umefunga?" Vinanisaidia. Mpe Shaka vikumbusho hivyohivyo umemmaliza.

Fundi_Mitambo (#33)
Basi aliye na zote mbili anaanza na ipi?

Nesi_wa_Zamu (#34)
Mara nyingi nimeona madaktari wakianza na ile inayomtesa zaidi. Kama OCD imemshika, wanaanza nayo, kwa sababu dawa za kuchangamsha zinaweza kuwaongezea baadhi ya wagonjwa mikupuo au wasiwasi.

Darubini (#35)
Wapo wanaoanza na ADHD, kwa hoja kwamba asiyeweza kukaa kwenye kikao na kufanya mazoezi ya nyumbani hatafaidika na tiba ya OCD. Na si wote wanaozidiwa na dawa hizo.

Nesi_wa_Zamu (#36)
Kweli, nimewaona wa aina hiyo pia. Dada Nuru, ukienda uliza hilo waziwazi, na omba kijana aonane na daktari peke yake kabla ninyi hamjaingia. Abebe lile daftari.